Aliyekausha Dembo la Kasengu

Walipokuja kumwambia kwamba ana siku tatu za kuhama, Mukuna alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, akipapasa kwa mguu kuona kama ubao wa chini umekaa vizuri. Hakutoka. Aliwasikiliza akiwa humo humo, kofia kichwani, kwa sababu maji yalikuwa baridi, na mtu akishatoka hana hamu ya kurudi.

"Tata Mukuna, sikia muzuri," alisema Omer, mkuu wa kamati ya kartie, yaani mtaa wao wa Kapata, akiwa amesimama juu ya tuta na viatu vyake vya ngozi. "Siku ya yenga, siku ya kanisa, asubui, sitaki kukuona mu Kapata. We na mutoto wako na mujukuu wako."

"Nimesikia."

"Bakasai bote banarudia kwabo."

"Kwetu ni wapi, chef? Mi nilizaliwa ku maternite ya kampuni. Kitanda ile ile mama yako alikuzalia."

Vijana wanne waliofuatana na Omer wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba hawakuja kucheka. "Kilulu inajua kujibu!" alisema mmoja. Kilulu, yaani mdudu. Ndilo jina walilopewa Wakasai, wana na wajukuu wa watu walioletwa kutoka mbali kuchimba shaba ya kampuni, mwaka ule wa kufukuzwa, na walioanza kulitamka hawakuwa vijana hawa. Walikuwa wakubwa wenye magari, waliolisema kwenye mikutano, wakapigiwa makofi, wakarudi kulala.

Mukuna aliinama tena. "Siku tatu inatosha," alisema. "Iko mbao sita ya kufunga tu."

Omer alitazama maji, akatazama mbao zilizolala kwenye nyasi, akatema mate pembeni. Mtu anafukuzwa, naye anazungumza habari ya mbao. Ama ni mjinga, ama ana jambo. Omer akaondoka akiwa amechagua kwamba ana jambo.

Mtu asiyelijua dembo hudhani ni bwawa. Siyo. Ni bonde la nyasi linalokunywa mvua miezi sita na kuitoa polepole miezi sita mingine, na visima vyote vya Kapata hunyonya hapo. Dembo la Kasengu zamani halikuhitaji mtu. Lakini kampuni, enzi za baba zetu, ililichimbia mfereji katikati ili ipate maji ya kuoshea mawe ya shaba. Pampu ikafa, kampuni yenyewe ikaanza kufa, mfereji ukabaki. Mfereji haujui kwamba kampuni imekufa. Unaendelea kuvuta.

Basi kila mwaka mvua zikiisha lazima mtu ashuke pale kwenye tuta, penye mlango wa maji, apange mbao sita za mti mgumu wa mulombwa juu ya zile mbili za chini ambazo hazitolewi kamwe, azizibe kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na nyasi. Hapo maji yanakaa. Kambale wanapata pa kujificha. Mwezi wa tano wanakuja korongo, wale wakubwa wenye shingo nyeupe na nyama mbili zinazoning'inia kidevuni, wanajenga kiota katikati ya maji yanayofika magotini. Wanalea mtoto mmoja tu kwa mwaka. Hawana wa akiba. Maji yakikauka, mbwa anatembea kwa miguu yake hadi kwenye kiota.

Kazi hiyo Mukuna aliifanya miaka ishirini na miwili. Miezi kumi na minne ya mwisho aliifanya bila mshahara. Ngalula, mke wake, alikuwa akimwambia mbele ya wageni, "Bwana yangu alioa matope; mi niko bibi wa pili." Sasa Ngalula alikuwa makaburini mwaka wa pili, aliyekufa kwa homa siku ambayo duka la dawa lilibaki na kufuli tu, na Mukuna alibaki na bibi wa kwanza.

Lilikuwapo jambo jingine ambalo Omer hakulijua. Karatasi ya kampuni, iliyopigwa mashine wakati wa wazungu na kubandikwa ndani ya kibanda cha mlinzi, ilisema: funga mlango tarehe kumi na tano, mwezi wa nne. Ilikuwa kweli kwa mvua za wakati ule. Mvua za sasa zilikuwa kama mshahara wa kampuni: zinachelewa kuja, na zikija hazifiki mwisho wa mwezi. Miaka minne mfululizo Mukuna alikuwa akifunga mwezi wa tatu, bila kumuuliza mkubwa yeyote, maana hapakuwa na mkubwa wa kuuliza. Mwaka huu mvua ilikuwa imekata mapema zaidi. Siku tisa bila hata wingu. Asingefunga wiki hii, kusingekuwa na maji ya kufungia.

*

Nyumbani, Ndaya, binti yake, alikuwa akifunga sufuria ndani ya shuka, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na miezi mitatu, wa kike, jina lake Ngalula kama nyanya yake, na alikuwa akikohoa kikohozi kidogo kikavu. Baba yake alikuwa kijana wa Manono, si Mkasai. Ndugu zake walimwita siku moja wakamkalisha, na tangu hapo hakurudi, hata kuja kuchukua mashati yake.

Mama wa nyumba ya tatu alikuwa ndani, juu ya kiti, anapima dirisha kwa kamba ili ashone mapazia.

"Samahani, tata," alimwambia Mukuna bila kushuka. "Napima tu ma-rideau. Nyumba banatupatia shiye. Nikingoja muende kwanza, wengine batashona mbele yangu."

"Pima, mama," alisema Mukuna. "Ile ya kule iko mufupi kidogo. Ukuta ilishuka."

Mama yule alipotoka, Ndaya aliachia sufuria ikaanguka chini. "Unamusaidia kupima! Tata, bantu bote balishaenda ku gare kungoja train, banashika fashi. Banabeba bitanda. We unabeba udongo ya kichuguu! Juu ya nani? Juu ya aba benye kutufukuza?"

"Juu ya maji."

"Maji ya nani?"

Mukuna alivua kofia, akaikung'uta. Alikuwa mtu wa darasa la nne, si wa maneno mengi. "Nikiacha wazi, mu mwezi wa munane hakuna kisima mu Kapata. Ile maji haijui kabila, Ndaya."

"Njo vile? Basi ile maji ibaambie aba basikufukuze, tuone."

*

Kesho yake asubuhi alikuwa amekwisha kushusha mbao tatu, na udongo ulikuwa umeshika, alipofika Louis. Louis alikuwa shemeji yake Omer, kijana mnene wa kuheshimu watu, aliyekuwa muuza mikate mpaka unga ulipokosekana. Mkononi alishika ile karatasi ya kampuni. Alikuwa ameibandua kibandani kwa uangalifu, hata pembe hazikuchanika.

"Yambo, tata. Banasema mi njo nitachunga mulango sasa."

"Yambo, mutoto. Shuka nikuonyeshe. Toa kwanza viatu."

Louis hakushuka. Alitazama mbao, akatazama karatasi, akasoma kwa kidole. "Tata, hapa banaandika mwezi wa ine, tarehe kumi na tano. Leo iko tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu."

"Karatasi ilikuwa na mvua yake. Hii mvua ingine. Angalia." Mukuna alimwonyesha nguzo ya chuma yenye alama za kupimia. "Juzi maji ilikuwa pale. Jana pale. Leo, bila hizi mbao tatu, ingekuwa chini ya mukono wangu. Nikifunga tatu zingine leo, kesho we unaongeza udongo, njo basi. Dembo inaishi."

"Na mvua ya Pasika ikikuja kwa nguvu?"

"Haikuje, mwana."

"Lakini ikikuja?"

"Ikikuja, unatoa ubao mbili ya juu. Ni kazi ya kuvuta pumuzi mara mbili."

Kama mambo yangeishia hapo, pengine Louis angevua viatu. Alikuwa ameshainama kufungua kamba. Lakini alikuwa mtu aliyepewa kazi asiyoijua mahali pa mtu aliyefukuzwa, na mtu wa namna hiyo haogopi kitu kama anavyoogopa kufundishwa. Juu ya nini huyu mzee anifundishe vizuri hivi? Mimi, ningekuwa yeye, ningefundisha? Akafunga tena kamba ya kiatu. "Ngoja kwanza nimwambie chef," alisema.

Omer alikuja na vijana saba badala ya wanne. Alisomewa karatasi, uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyepata jibu la hesabu.

"Nilijua," alisema. "Nilijua iko kintu. Kila mwaka inafungwa mwezi wa ine. Mwaka ya kufukuza Bakasai, kilulu anafunga mwezi wa tatu. Juu ya nini? Maji ijae, ijae, mvua ya Pasika ipige, tuta ivunjike, yote ishukie ku nyumba zetu, na yeye anakaa kwabo Mbujimayi anacheka!"

"Chef, miaka ine sasa nafunga mwezi wa tatu. Uliza bamama ba bitunga. Muulize Mama Agnès."

Mama Agnès alikuwapo. Ndiye mkubwa wa wanawake waliovua dembo kwa vikapu, na makubaliano yake na Mukuna yalikuwa ya miaka mingi: hakuna kikapu kinachopita matete ya juu, penye viota, mpaka mtoto wa korongo aruke. Mwaka mmoja alimpokonya dada yake mwenyewe kikapu akakikanyaga. Watu wote wakamgeukia. Mama Agnès alitazama wale vijana saba, akatazama miguu yake.

"Mi navua samaki," alisema. "Mambo ya mbao, sijue."

"Toeni yote," alisema Omer.

"Toeni tatu, basi," alisema Mukuna. "Zile mbili ya chini muache, chef. Zile hazitokake. Baba yangu alizikuta pale."

Hapo ndipo alipokosea. Asingezitaja, wasingejua kwamba zipo. Omer alimtazama kama mtu anayetazama mwizi akionyesha mwenyewe alipoficha mali.

"Anzeni na zile," alisema.

Zilitoka kwa taabu, nyeusi, nzito, zimevaa majani ya kijani. Maji yalisimama kidogo kama yaliyosahau njia, kisha yakaondoka yote kwa pamoja na sauti ya lori likimwaga changarawe. Kabla ya jua kufika kichwani, kambale walikuwa wanarukaruka kwenye matope, na wanawake walikuwa wamekwisha kukunja vitenge. Walipiga vigelegele. Watu waliokuwa hawajala nyama tangu Krismasi walikimbia na ndoo, beseni, vyandarua, hata droo ya kabati. Walimwimba Louis kwa jina. Mama Agnès alisimama ukingoni na kikapu chake kitupu muda mrefu, kisha akaingia, kwanza upande wa chini wa matete, baadaye upande wa juu.

Mbao nane zililala kwenye nyasi. "Nani atabeba?" aliuliza Omer. "Zipelekwe kwangu." Vijana walikuwa na samaki mikononi. "We, tata. Uko bado mutu wa kampuni mpaka siku ya yenga."

Mukuna alizibeba kichwani, mbili mbili, safari nne, akipita mbele ya nyumba za Kapata, nguo zikimchuruzika maji. Kwenye safari ya tatu alikutana na Ndaya anatoka kuuza mashine ya kushonea ya mama yake. Ndaya alitazama mbao, akamtazama baba yake, akapita bila kumsalimu, ili baba asimwone analia.

*

Kwenye stesheni ya mji, Kolwezi, watu walikuwa wamelala kuanzia kwenye dirisha la tiketi mpaka kwenye mabohari, familia na familia, wameweka mipaka ya masanduku. Kulikuwa na makarani, mafundi wa mitambo, masista wawili, mwalimu wa hesabu aliyekuja na ubao wake. Gari-moshi lilisemekana ni la kesho. Wiki ya kwanza lilikuwa la kesho, na wiki ya tatu bado lilikuwa la kesho. Watoto walianza kuharisha. Vijana wa Omer na wenzao wa kartie nyingine walizunguka wakiuza maji ya kunywa.

Mvua ya Pasaka haikuja. Pasaka ilipita na jua kali, na masista waliimba katikati ya reli.

Mama Agnès alikuja Jumanne moja na beseni kichwani, akauza kambale kwa bei ya kutupa. Mukuna aliangalia ndani ya beseni. Walikuwa wa urefu wa kidole.

"Hii ni batoto, mama."

"Njo ilibaki." Alichuchumaa, akafanya kama anapanga samaki ili wasionekane wanazungumza. "Imeisha, tata. Matope imepasuka, mutoto anaweza kuingiza mukono. Kisima ya kwangu, kamba haifike tena. Louis alirudisha mbao tarehe kumi na tano, kama karatasi inasema. Alifunga muzuri, na udongo. Anafunga upepo."

"Korongo?"

"Balikuja bawili, mapema. Balisimama mu matope siku mbili banaangalia chini kama bantu balipoteza mufunguo. Balienda. Sijue wapi." Akampa Ndaya samaki mkononi, konzi nzima, akakataa malipo. "Siku ile nilikuwa na woga, tata. Mi niko na batoto tano."

"Najua, mama."

"Ungenitukana ningesikia muzuri."

Mukuna hakumtukana. Ndaya aliwakaanga wale samaki kwa mafuta ya kuazima, na Mukuna akala. Walikuwa na mifupa laini kama nywele, na walikuwa watamu, na hilo ndilo lilimchoma zaidi.

*

Alhamisi ile Omer alikuja stesheni mwenyewe. Louis alimfuata nyuma amepungua unene. Walimkuta Mukuna ameshika kitambaa cha maji juu ya kipaji cha mjukuu wake. Kikohozi cha mtoto kilikuwa kimeshuka kifuani. Kila pumzi ilikuwa na sauti ya mtu anayefagia.

"Tata Mukuna, unaendelea namna gani?" alisema Omer, na kwa kusikia heshima hiyo Mukuna alijua kuna shida.

Shida ilikuwa hii. Mkaguzi wa maji na misitu alikuwa anakuja kutoka Lubumbashi na wazungu wawili wanaohesabu ndege. Kila mwaka wa pili walikuja kuhesabu korongo wa Kasengu na kuwapa watu wa kartie kazi ndogondogo na mahindi. Safari hii wangehesabu nini? Isitoshe, akina mama wa Kapata walikuwa wameanza kusimama mbele ya nyumba ya Omer na ndoo tupu, wakizipiga kwa vijiko.

"Tuliandika karatasi kidogo," alisema Omer. "Louis, soma."

Louis alisoma akiwa ameangalia karatasi kwa karibu sana, ili asiangalie kitu kingine. Karatasi ilisema kwamba mlinzi wa zamani, Mukuna, kwa hasira ya kufukuzwa, alitoa mbao za chini kwa mikono yake akakausha dembo la Kasengu ili kuwatesa wenye nchi.

"Unaweka sahihi pale chini," alisema Omer. "Ile train inakuja kesho, kweli ya kweli. Lakini iko wagon tatu ya kufunika tu, zingine ziko wazi juu. Wengi batapanda juu. Baridi ya njia ya Kamina unaijua. We na Ndaya na mutoto, nafasi ndani, penye majani makavu. Mi mwenyewe nitakupandisha."

"Na nikikataa?"

Omer alimtazama tu mtoto, wala si kwa ubaya; alimtazama kama mtu anayetazama saa.

"Tata, usifanye," alisema Ndaya kwa sauti ya chini. "We, hapana. Bote bafanye, lakini we hapana. Mama angekataa."

"Mama yako iko hapa chini ya udongo," alisema Mukuna. "Huyu wa jina lake anapumua bado." Akamgeukia Louis. "Mwana, ulinisikia siku ile. Ulikuwa unafungua kamba ya kiatu. Nilikudanganya?"

Louis alitazama viatu vyake. "Hapana, tata."

"Funga kinywa, Louis," alisema Omer. "Tata, kalamu hii hapa."

Mukuna aliandika jina lake kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa darasa la pili, na pembeni akaandika kazi yake, mlinzi wa maji, kwa sababu hajawahi kutia sahihi bila kuandika kazi. Omer aliipuliza wino, akaikunja karatasi mara mbili, akampa mkono. Mukuna aliushika. Mtu mwenye mtoto kifuani hana mkono wa kunyima.

*

Wagoni ilikuwa na giza, nuru ikipita kwenye nyufa tu, na harufu ya saruji. Walikuwa watu sitini. Ndaya alikaa kwenye kona ya majani, mtoto ndani ya nguo tatu. Mukuna alibaki amesimama, maana nafasi ya kukaa haikuwapo.

Walikuwa hawajafika stesheni ya Tenke, mwanaume mmoja mwenye miwani, aliyekuwa karani wa bohari, akamtazama sana. "Samahani, muzee. Si we Mukuna? Ule wa dembo?"

Mukuna aliishusha kofia machoni.

"Njo yeye!" karani aliwaambia wengine, akipaza sauti kuliko magurudumu. "Jana mangaribi balisoma karatasi yake ku mukutano, jina yote! Ule alibakaushia dembo! Batakunywa mavumbi mwaka muzima!"

Sauti zilizuka gizani, sauti za watu ambao kwa wiki tano hawakuwa na neno la kusema. Wengine walipiga makofi. Mtu alicheka, mwanamke akapiga kigelegele kimoja kirefu. "Bravo, muzee! Shiye tulienda kama kondoo, yeye tu ndiye alibaumiza!" Watu walisogea, wakabanana, nafasi ikapatikana kwa Mukuna juu ya gunia laini. Mkono usioonekana ukampa kikombe cha chai ya moto yenye sukari, kitu ambacho hakuwa amekionja tangu Kapata.

Ndaya aliinua kichwa. "Haiko kweli," alisema. "Baba yangu hakufanya..."

"Ndaya," alisema Mukuna. "Munyweshe mutoto."

Akampitishia kikombe. Mtoto alikunywa kwa kijiko, kijiko hadi kijiko, na sauti ya kufagia ikapungua kidogo.

"Ulifanya namna gani, tata?" aliuliza karani, akiwa amechuchumaa mbele yake kama mwanafunzi. "Tuelezee! Dembo kubwa vile, mutu mumoja?"

Wote wakasogea wasikie. Mukuna alitazama zile nyuso zilizompenda.

"Iko rahisi," alisema. "Unangoja mvua ikate. Halafu unatoa mbao ya chini, zile mbili zenye hazitokake. Unaanza na zile."

Akawaeleza yote, polepole, mpaka kambale kwenye ndoo na korongo wawili waliosimama siku mbili. Walipocheka, alingoja wamalize, kisha akaendelea. Hakuongeza kitu, wala hakupunguza, isipokuwa kwamba kila palipokuwa na jina la Omer alisema "mimi".